Sura ya Sita: Baiskeli ya Kila Siku na Mkono wa Fundi

Baiskeli inayouzwa dukani Mwanza, Kisumu au Kigoma huwa imebuniwa mbali, kwa ajili ya mtu wa wastani, barabara ya wastani na mzigo wa wastani, ilhali mnunuzi wake ana kimo chake, njia yake na shehena yake, na kwa sababu hiyo ni nadra kuikuta ikiwa kama ilivyotoka kiwandani baada ya miezi michache ya matumizi. Keria ya awali huwa imeondolewa na kuwekwa nyingine ya nondo, kiti kimeinuliwa au kubadilishwa, uma wa mbele umeongezewa mikono ya chuma, na mara nyingi friwili, yaani gurudumu dogo la meno la nyuma linaloruhusu tairi kuendelea kuzunguka miguu inapotulia, si lile lililokuja na baiskeli. Mabadiliko hayo hayafundishwi chuoni wala hayaandikwi katika kijitabu cha mtengenezaji, lakini yana mantiki yake, na sura hii inakusudia kuieleza kwa manufaa ya msafiri anayetumia baiskeli kwenda kazini, shuleni au sokoni na kurudi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba badiliko jema ni lile ambalo siku litakapoharibika litatengenezwa na fundi aliye karibu kwa kipuri kilichopo katika duka la jirani. Badiliko lisilotimiza sharti hilo, hata liwe la kisasa namna gani, ni deni ambalo mwenye baiskeli atakuja kulilipa kwa miguu.

Aina ya baiskeli inayotawala katika eneo la maziwa na pwani, ile nyeusi ya magurudumu ya inchi 28 yenye breki za vyuma, ina asili yake Uingereza, ambako kampuni ya Raleigh ya Nottingham ilikuwa miongoni mwa wazalishaji walioisambaza sana katika makoloni. Baada ya uhuru umbo hilohilo liliendelea kuletwa na viwanda vya Asia, hasa Hero na Avon kutoka Ludhiana nchini India na Phoenix kutoka Shanghai, na Tanzania nayo ikawa na Swala, iliyotoka katika kiwanda cha NABICO jijini Dar es Salaam. Matokeo ya historia hiyo ndiyo yenye uzito kwa msafiri wa leo: kwa kuwa umbo halikubadilika kwa miongo mingi, sehemu kubwa ya goroli, ekseli, spoku, raba za breki na minyororo ya kampuni moja huingia katika baiskeli ya kampuni nyingine, na fundi aliyejifunza kwa Raleigh ya babu yake hahitaji darasa jipya ili aifungue Phoenix ya mjukuu.

Fremu ya baiskeli hizo ni ya chuma cha kawaida chenye kaboni kidogo, kizito lakini chepesi kuchomelea, na sifa hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa ubunifu wote unaoonekana barabarani. Mchomeleaji wa madirisha na mageti anaweza kuziba ufa wa fremu, kuunga mhimili wa pili chini ya ule wa juu, au kupachika vyuma viwili kutoka kichwa cha uma hadi kwenye ekseli ya mbele ili uma usipinde mzigo unapozidi. Fremu ya alumini, ambayo muuzaji huisifu kwa wepesi wake, hupoteza nguvu mahali inapochomelewa bila utaalamu maalumu na vifaa visivyopatikana katika karakana ya kawaida, kwa hiyo ikipasuka huwa imekwisha. Tahadhari moja tu inahitajika kwa fremu ya chuma: pale mirija inapokutana ndani ya soketi, kiungo kimeshikwa kwa shaba iliyoyeyushwa, na moto mkali wa kuchomelea ukielekezwa hapo huiyeyusha shaba hiyo na kulegeza kiungo kilichokuwa imara. Fundi mwangalifu huchomelea mbali kidogo na soketi.

Kati ya mabadiliko yote yanayofanywa kwenye baiskeli ya safari za kila siku, lenye faida kubwa kwa gharama ndogo ni kubadilisha uwiano wa meno, na inashangaza kwamba ndilo linalofikiriwa na watu wachache zaidi. Baiskeli nyingi za inchi 28 huja na sproketi ya mbele yenye meno 44 hadi 48 na friwili ya meno 18 au 20. Meno 48 yakigawanywa kwa 18 hutoa 2.67, maana yake ni kwamba kila mzunguko mmoja wa pedeli huzungusha gurudumu la nyuma mara mbili na theluthi mbili, na kwa kuwa mzingo wa tairi hilo ni takriban mita 2.24, baiskeli husonga karibu mita 6 kwa kila mzunguko. Uwiano huo unamfaa mtu asiye na mzigo kwenye lami tambarare. Mtu yuleyule akipakia gunia la mahindi au abiria na kukabili mlima, miguu yake inalazimika kusukuma kwa nguvu isiyoendana na mwili wa binadamu, magoti yanaanza kulalamika, na hatimaye anashuka na kukokota.

Friwili ya meno 22 ikiwekwa mahali pa ile ya 18, uwiano hushuka hadi 2.18 na mwendo wa kila mzunguko hadi mita 4.9 hivi, na nguvu inayohitajika kwenye pedeli kwa mlima uleule hupungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 18. Kinachopotea ni kasi. Mtu anayekanyaga mizunguko 60 kwa dakika, ambayo ni mwendo wa kawaida wa asiye na haraka, alikuwa akienda kilomita 21.5 kwa saa, na sasa ataenda kilomita 17.6, kwa hiyo safari tambarare ya kilomita 7 itaongezeka dakika 4 au 5. Lakini mlima mmoja ambao zamani ulimshusha kitini na sasa anaupanda ameketi utamrudishia dakika hizo na zaidi. Katika miji yenye vilima, kama Bukoba, Mbeya, Kampala au Bukavu, hesabu hiyo haina ubishi. Kazi yenyewe huchukua muda mfupi kwa fundi mwenye kifungulio cha friwili, ila gurudumu lazima lisogezwe mbele kidogo au mnyororo uongezwe, kwa sababu meno yaliyozidi hula urefu wake.

Mnyororo wenyewe hupimwa kwa rula ya shule. Pingili zake zina urefu wa nusu inchi kila moja, hivyo pingili 24 za mnyororo mpya hufika inchi 12 barabara, kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya mwisho. Zikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, wakati wa kununua mwingine umewadia. Zikizidi kwa sehemu moja ya nane, mnyororo umekwishaanza kuyachonga meno ya friwili, na mnyororo mpya ukifungwa juu ya meno yaliyochongoka utaruka kila unapokanyagwa kwa nguvu. Wengi huufufua mnyororo kwa oili chafu ya gari, ambayo ni nzito, hunasa mchanga na kugeuka kuwa tope la kusagia chuma. Mafuta mepesi ya cherehani, yakitiwa tone tone kwenye pini na mengine yote yakafutwa kwa kitambaa, hufanya kazi bora zaidi katika nchi yenye vumbi, ingawa yanapaswa kurudiwa mara kwa mara, hasa baada ya mvua.

Swali linalofuata kwa kawaida ni kama haingekuwa bora kuwa na gia nyingi badala ya kuchagua moja. Jibu lake linategemea aina ya gia. Gia za nje, ambazo mnyororo huhamishwa na kifaa kutoka gurudumu moja la meno hadi jingine, huhitaji mnyororo mwembamba zaidi, nafasi pana zaidi kati ya miguu ya nyuma ya fremu, waya ulionyooshwa sawasawa na kifaa chenye springi kinachoning'inia karibu na ardhi, mahali ambapo kila kijiti na kila jiwe la njiani hukifikia. Gia za ndani hufichwa katika habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ile ya Sturmey-Archer ya kasi tatu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1936 kwa jina la AW na ikafungwa katika baiskeli nyingi za Raleigh, hupunguza uwiano kwa robo katika gia ya chini na kuuongeza kwa theluthi katika gia ya juu, na ikipewa mafuta kidogo hudumu miaka mingi. Shida ni kwamba vipuri vyake havipatikani katika maduka ya kawaida ya Afrika Mashariki. Jaribio la karibuni lenye kuvutia ni la Buffalo, baiskeli ya shirika la World Bicycle Relief lililoanzishwa mwaka 2005, ambalo mwaka 2023 lilitoa toleo lenye minyororo miwili na friwili mbili: mpandaji akikanyaga kinyume kidogo, gia hubadilika, bila waya wala kifaa cha kuning'inia. Hapo mhandisi ameanza na fundi wa kijijini na kumalizia na meza ya kuchorea, na ndiyo maana kazi yake imefaulu.

Kinyume chake ni baiskeli za bei nafuu za aina ya maunteni zenye springi mbele na nyuma, ambazo vijana huzipenda kwa sura. Springi hizo huongeza uzito, hunyonya sehemu ya nguvu ya kila kanyago, na bushi zake zikilegea baada ya msimu mmoja wa mashimo hakuna duka lenye mbadala. Baiskeli nyeusi ya zamani hupunguza mitikisiko kwa njia isiyo na kipuri cha kuharibika: uma uliolala na kupinda mbele, matairi yenye hewa ya kutosha, na kiti cha springi.

Breki zinahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndizo sehemu inayopuuzwa hadi siku ya ajali. Breki za vyuma hufanya kazi kwa fimbo zinazovuta raba juu hadi kwenye uso wa ndani wa ringi, ambayo ni ya chuma kilichopakwa kromiamu. Kromiamu ni laini, na ikilowa maji raba huteleza juu yake kiasi kwamba mpandaji anayesimama ndani ya mita chache siku ya jua huhitaji umbali mkubwa zaidi siku ya masika. Hatua ya kwanza ya kuziboresha haigharimu kitu zaidi ya muda: fimbo zirekebishwe hadi raba zikae umbali wa milimita mbili au tatu kutoka kwenye ringi, ringi inyooshwe ili isiyumbe, na uso wa raba uliokuwa mgumu na wa kung'aa ukwaruzwe kwa msasa. Hatua ya pili ni kununua gurudumu la nyuma lenye breki ndani ya habu, inayofungwa kwa kukanyaga kinyume, ambayo haijali mvua wala tope, na ndiyo iliyochaguliwa kwa Buffalo ya awali. Udhaifu wake ni wa aina mbili. Mnyororo ukikatika breki hiyo hutoweka palepale, na katika mteremko mrefu kama ule wa kutoka Lushoto kwenda Mombo habu hupata moto hadi grisi yake ikayeyuka, kwa hiyo haiwezi kamwe kuwa breki pekee.

Hapa inafaa kuisahihisha imani iliyoenea, kwamba breki ya mbele ni ya hatari na ni heri kuiondoa. Baiskeli inapopunguza mwendo uzito wa mpandaji huegemea mbele, tairi la mbele hukandamizwa chini na la nyuma hupata wepesi, na kwa sababu hiyo breki ya mbele ndiyo yenye uwezo mkubwa wa kusimamisha mtu aliye peke yake. Anayepinduka ni yule anayeifinya ghafla huku mikono yake ikiwa imelegea. Abiria au mzigo unapokuwa kwenye keria, sehemu ya uzito hurudi nyuma na breki ya nyuma hupata kazi zaidi, na hivyo mwendesha baiskeli ya abiria anahitaji zote mbili. Kandambili iliyobanwa kwenye tairi, njia ambayo bado inaonekana katika miji mingi, haihesabiki kuwa breki.

Magurudumu ya baiskeli za mtindo wa Kiingereza yana spoku 32 mbele na 40 nyuma, mgawanyo unaokiri kwamba mzigo huwa nyuma. Anayebeba mizigo mizito huomba spoku nene, za milimita 2.6 badala ya 2, na fundi hulazimika kupanua matundu ya habu ili ziingie. Wingi wa spoku haufai kitu kama mkazo wake hautofautiani tu bali umelegea, kwani spoku iliyolegea huchezacheza kila gurudumu linapozunguka na kukatika shingoni. Fundi hodari huligonga gurudumu kwa kucha, spoku moja baada ya nyingine, akisikiliza sauti, na ile inayotoa mlio mzito kuliko jirani zake hukazwa.

Ununuzi wa matairi una mtego ambao umewapotezea wengi fedha. Namba ya inchi iliyoandikwa kwa maandishi makubwa ubavuni haitoshi kumjulisha mtu kama tairi litaingia kwenye ringi yake. Tairi la inchi 28 kwa moja na nusu hukaa kwenye ringi yenye kipenyo cha milimita 635, lakini lipo tairi jingine linaloitwa la 28, la baiskeli za mitumba kutoka Ulaya, ambalo kipenyo chake ni milimita 622, na hayo mawili hayabadilishani kabisa. Vilevile tairi la maunteni la inchi 26 lina kipenyo cha 559 ilhali la inchi 26 kwa moja na tatu juu ya nane, linaloonekana katika baiskeli nyingi za kikapu, lina 590. Namba ya kuaminika ni ile ndogo yenye mstari katikati, kwa mfano 40-635, ambapo tarakimu za kwanza ni upana wa tairi na za pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa, zote kwa milimita. Anayeagiza tairi kwa simu kutoka mjini aitaje namba hiyo, na iwapo imefutika aende na ringi yenyewe. Upana nao una maana yake: mahali penye mchanga, tairi pana lenye upepo kiasi hupita pale tairi jembamba lililojazwa sana linapozama, na kinyume chake ni kweli kwenye lami.

Kuna sehemu ambazo mafundi wengi huziondoa kwa kuwa zinapiga kelele, na kwa msafiri wa kila siku hilo ni kosa. Madigadi marefu na kava la mnyororo ndiyo yanayomwezesha karani kufika ofisini na suruali safi, na mwalimu wa Unguja kuendesha akiwa amevaa baibui bila kuhofia kwamba upindo wake utaingia kwenye mnyororo. Anayevaa nguo ndefu anahitaji pia wavu au bati jepesi kando ya nusu ya juu ya gurudumu la nyuma, kazi ambayo fundi bati huimaliza kwa muda mfupi, pamoja na fremu ya kike isiyo na mhimili wa juu. Kelele huondolewa kwa kukaza bolti na kuweka vipande vya mpira wa tyubu chakavu kati ya bati na fremu. Kiti nacho kiwekwe kwa kipimo: mpandaji aliyeketi akiweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu wake uwe umenyooka, na akikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo goti litabaki limekunjwa kidogo tu. Watu wengi huketi chini mno kwa kupenda kukanyaga ardhi kwa miguu miwili, na magoti yao ndiyo hulipa.

Kuhusu taa hakuna mengi ya kusema. Dainamo ya kawaida, inayosuguana na tairi, hutoa volti 6 na wati 3, na tope likilowesha ubavu wa tairi huteleza na giza likarudi. Taa ndogo ya kuchaji kwa umeme au jua inatosha, mradi iwepo nyingine nyekundu nyuma na rifleki safi. Mapambo, kuanzia vioo vya pembeni na maua ya plastiki hadi maandishi kwenye mpira wa madigadi, hayana ubaya wowote, na utepe wa rangi uliozungushwa kwenye fremu hata huilinda rangi isichubuke. Yangoje tu zamu yake.

Mota za umeme zinaanza kuingia sokoni, na mwenye kufikiria kuifunga moja kwenye baiskeli yake anapaswa kufanya hesabu kabla ya kushawishika. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina nishati ya wati-saa 360. Mpandaji anayesaidia kwa kukanyaga akitumia wati-saa 10 kwa kila kilomita atasafiri kilomita 36, na asiyekanyaga atakwenda pungufu zaidi ya hapo. Mota ya ndani ya habu husukuma ekseli izunguke ndani ya mdomo wa fremu, kwa hiyo huhitaji kipande cha chuma cha kuizuia, na fremu nene ya chuma hustahimili msukumo huo kuliko alumini. Hata hivyo baiskeli yenye breki za vyuma pekee haistahili mota, kwa sababu kasi huongezeka na umbali wa kusimama huongezeka haraka zaidi kuliko kasi yenyewe: kasi ikizidi mara mbili, umbali wa kusimama, tangu breki zinaposhika, huzidi mara nne.

Msafiri mwenye kipato cha kawaida hawezi kufanya yote haya kwa mara moja, wala hana haja. Aanze na breki, afuatishe friwili yenye meno yanayolingana na milima yake, kisha spoku na matairi, na goroli za habu na krenki zisafishwe na kutiwa grisi mpya kila mwaka kabla ya masika. Goroli za robo inchi kwa habu ya nyuma na krenki, na za sehemu tatu za kumi na sita za inchi kwa habu ya mbele, ndivyo vipimo vya kumtajia mwenye duka. Na kama fedha iliyopo mwezi huu inatosha kazi moja tu, basi arudishe breki ya mbele aliyoiondoa.